Kupandisha bakapu si kurejesha data

Nimeulizwa tena wiki hii: "Fundi, bakapu si tumeshaipandisha, mbona data haijarudi?" Haijarudi kwa sababu hamjairudisha. Kupandisha (mount) ni kuifungua tu muitazame, na baina ya mambo hayo mawili kuna kazi nzima ambayo haijaanza.

Najua haraka inatoka wapi. Msimu wa korosho ukifika, vyama vya msingi huku Mtwara vinaingiza kilo za wakulima mchana kutwa, stakabadhi zinatoka, mnada unakaribia na mkulima anataka kujua malipo yake yamefikia wapi. Seva ikigoma siku kama hiyo hakuna mwenye subira ya kusikiliza maelezo. Ndiyo maana nayaandika hapa, mtu ayasome kabla hajabanwa.

Ukipandisha nukta ya urejeshaji, yaani nakala ya data ilivyokuwa saa fulani, tuseme ya jana saa mbili usiku, programu ya bakapu inaionyesha kwenye seva kama diski nyingine. Kwenye Windows utaona herufi mpya, tuseme R au S; kwenye Linux utaikuta folda chini ya /mnt. Mafaili yote yamo, yalivyokuwa saa ile. Diski yenyewe ya seva haijaguswa. Folda iliyofutwa kwenye diski D ya seva bado haipo D mpaka uinakili kutoka R. Kurejesha diski nzima ni jambo jingine kabisa, linaandika juu ya kilichopo, na halifanywi kwa kubahatisha.

Hadi hapo watu wengi hunielewa. Wanapopotea ni kwenye hali ya kupandisha. Programu nyingi hukupa chaguo: kusoma tu, au kusoma na kuandika. Na hiyo ya kuandika haikuwekwa bure. Chukua databesi ya SQL Server, programu ya Microsoft ya kutunza databesi, ambayo bakapu iliinasa katikati ya kazi. Ukitaka kuiunganisha na SQL Server (attach) inahitaji kwanza kumalizia miamala iliyokatika, na huko kumalizia ni kuandika. Ukiipandisha kwa kusoma tu, inakataa. Fundi anaishusha, yaani anaiondoa kwenye seva, anaipandisha tena kwa kuandika, databesi inafunguka, programu ya mahesabu inafunguka, kila kitu kinang'aa. Karani anaona majina ya wakulima wote. Anaanza kazi.

Hapo ndipo roho yangu inapoumia. Nukta yenyewe haibadiliki. Ndiyo kanuni ya bakapu. Kila anachoandika karani kinakwenda eneo la pembeni, la muda, na macho yake yanaona vyote viwili kama kitu kimoja. Ukiishusha nukta, kwa kawaida eneo lile linafutwa. Zipo programu zinazoweza kuyatunza maandishi hayo na kuyarudisha ukipandisha tena, lakini ni chaguo unalolichagua makusudi, si jambo la kulitegemea. Kuna chama ambako karani aliingiza mizigo tangu asubuhi, jioni fundi wao akashusha nukta "kusafisha seva", na kazi ya siku nzima ikaondoka. Haikwenda kwenye pipa la taka, haikuwa popote. Kilichowaokoa ni vitabu vya mizani: waliketi wakaandika upya mstari kwa mstari. Karani alilaumiwa, na mimi nasema alionewa. Yeye aliona herufi ya diski kama diski nyingine yoyote. Aliyeipandisha ndiye aliyepaswa kumwambia kwamba humo hakufanyiwi kazi.

Kwa hiyo hali ya kuandika itumie kwa muda mfupi: fungua databesi, toa unachotaka, au nakili mafaili yake kwenye diski halisi uyaunganishe kule. Mtumiaji asiingie mpaka hapo.

Kwenye Linux, "kusoma tu" nako kuna mtego. Ukipandisha diski ya mfumo wa mafaili wa ext4 kwa ro (kusoma tu), bado itajaribu kuicheza upya jarida yake, kumbukumbu ya maandishi ambayo hayajakamilika, ikiwa diski iliyo chini inaruhusu kuandikwa. Ongeza chaguo la noload kwenye amri ya mount. XFS, mfumo mwingine wa mafaili, nayo itakataa kupanda kando ya diski asili kwa sababu UUID, namba yake ya utambulisho, ni ileile. Iambie nouuid, na kama logi yake (jarida lake) ni chafu, yaani ina maandishi yasiyokamilika, na hutaki iguswe, ongeza norecovery. Windows ikikuta saini ya diski imegongana na iliyopo, inaiacha diski ikiwa imezimwa (offline). Usiilazimishe kuamka bila kufikiri, maana itaiandikia saini mpya.

Kushusha. Wengi wanadhani nukta ikiachwa imepanda haina madhara, "itatufaa kesho". Programu nyingi haziwezi kuichanganya nukta iliyoshikiliwa na nyingine wala kuifuta, kwa kuwa bakapu za nyongeza, zinazobeba mabadiliko tu, zinategemeana toka ya kwanza. Kazi ya usiku inasubiri au inafeli, za zamani hazipungui, hifadhi inajaa, kisha bakapu mpya hazipati pa kukaa. Hakuna anayegundua mpaka siku ya kuzihitaji.

Ikigoma kushuka, ipo sababu. Linux inasema target is busy, yaani bado inatumika, watu wanakimbilia amri ya umount -l, ambayo inaificha tu folda huku aliyeishikilia akiendelea kuishikilia. Tumia lsof, amri inayoonyesha nani ameshikilia faili au folda gani. Mara nyingi unaukuta mstari mmoja, bash (dirisha la amri), na kwenye safu ya FD pameandikwa cwd, yaani folda anayofanyia kazi: mtu aliingia kwenye folda ile, akaacha dirisha wazi, akaenda kula. Funga dirisha, itashuka. Kwenye Windows huwa ni dirisha la mafaili au antivairasi inayoikagua diski mpya.

Kuna jambo moja vitabu hulimaliza kwa sentensi moja, nami linanisumbua: kwamba nukta ikipanda, bakapu ni nzima. Siamini hivyo. Kupanda kunasoma sehemu ndogo tu ya data. Folda zinaweza kuonekana zote na faili la ndani likawa limeoza. Mimi huendesha DBCC CHECKDB, amri ya SQL Server ya kukagua uzima wa databesi, juu ya databesi iliyopandishwa, na hata ikipita, moyo wangu hautulii mpaka mtu wa mahesabu afungue ripoti ya mwezi uliofungwa na jumla zilingane na karatasi. Sijapata kipimo kinachoniridhisha zaidi ya hicho, na hakiwezekani kila wiki kwa kila mteja.

Kama unasoma haya na ofisini kwako watu wanafanya kazi ndani ya nukta iliyopandishwa sasa hivi, usishushe na usizime seva. Hakikisha UPS, betri ya akiba ya seva, inashika, maana umeme ukikatika hapo huenda yote yakaondoka. Waambie watoke kwenye programu. Chukua bakapu ya databesi kutoka ndani ya SQL Server yenyewe, uiweke kwenye diski halisi, D au hata ya nje. Irejeshe pembeni kwa jina jingine, ifungue, tafuta mzigo wa mwisho alioingiza karani. Ukiuona na kilo zake, shusha.