Je, wajua kwa nini mchicha hudumaa chini ya mwembe?

Ukipita mitaa ya Tanga mjini, kuanzia Chumbageni hadi Raskazone, utaona nyumba nyingi zenye mwembe, mkungu au mwarobaini mkubwa uani. Chini yake pamefagiliwa, pana mkeka au benchi, na kuku wawili watatu wanachakura. Bustani hakuna. Aliyewahi kujaribu anajua kisa chake: mchicha uliota, ukafika urefu wa kidole, ukapauka, ukaishia hapo. Ukiuliza, utaambiwa ni kivuli. Kivuli kina lawama yake, lakini si mshtakiwa mkuu.

Mwaka 1904 mtaalamu wa misitu wa Ujerumani aitwaye Fricke alichagua misonobari michanga iliyodumaa chini ya misonobari mikubwa, akachimba mitaro kuizunguka ili kukata mizizi ya ile mikubwa. Matawi hakuyagusa, kivuli kikabaki vilevile. Udongo uliokuwa ndani ya mitaro ukashika unyevu kuliko wa nje, na miche ikachangamka. Majaribio ya namna hiyo yamerudiwa katika nchi nyingi, na kwa jumla yanaonyesha hivi: penye mvua nyingi na udongo wenye rutuba, kikwazo cha kwanza ni mwanga, penye ukavu au udongo hafifu, ni mizizi. Na udongo wa pwani yetu, sehemu nyingi, ni mchanga usiokaa na maji.

Mwembe una mzizi mkuu unaoshuka mbali, ndiyo maana unastahimili jua la Januari na Februari wakati mboga zote zimelala. Lakini mizizi myembamba, ile inayofyonza maji na chakula kwa wingi, haiko huko chini. Imetandazwa juujuu kama jamvi, sehemu kubwa ikiwa ndani ya sentimita 60 za kwanza, na huenda mbali kupita ncha za matawi. Mchicha nao unatafuta maji palepale, tena kwa mizizi mifupi. Juu yake, majani mazito ya mwembe yanazuia manyunyu: mvua ndogo huishia kwenye majani na kukauka kabla haijagusa ardhi. Kwa hiyo mtu anaweza kusema mvua imenyesha, na chini ya mwembe vumbi bado linatimka.

Wengi hukimbilia kuinua tuta. Huleta toroli la udongo na samadi, hulijaza chini ya mti, hupanda. Msimu wa kwanza mambo huwa mazuri, na hilo ndilo linalodanganya. Mizizi ya mti huingia popote penye unyevu, hewa na chakula, hata ikibidi kupanda juu. Ukija kulichimbua tuta lako msimu unaofuata, utakuta limejaa nyuzi za mwembe; samadi umelisha embe. Ubaya zaidi ni pale udongo unaporundikwa hadi kuegemea shina. Gome linalofunikwa na udongo wenye maji huoza, na mizizi iliyozikwa ghafla hukosa hewa. Mti wa miaka mingi unaweza kuanza kufa taratibu kwa sababu ya kitanda cha bamia.

Kukata mizizi kama Fricke? Ua wa nyumba si msitu. Mizizi minene ndiyo inayoushikilia mti upepo wa kusi unapovuma, na mtaro uliochimbwa karibu na shina unaweza kuuleta mti juu ya bati lako. Isitoshe, mizizi myembamba hurudi upesi.

Jambo jingine linahusu ufagio wa chelewa, na najua hapa nitawakera akina mama wengi. Ua uliofagiliwa ni heshima ya nyumba, na majani yaliyorundikana yanatia hofu ya nyoka. Lakini majani hayo ndiyo matandazo na ndiyo mboji ya mti. Yakiondolewa kila asubuhi na kuchomwa, udongo hukanyagika ukawa mgumu, na maji ya mvua hupita juu yakielekea mtaroni. Mapatano yanawezekana: fagia njia na pa kukalia, halafu majani yasogeze upande mmoja wa mti, yasiguse shina, unene wa vidole vinne tu. Yakianza kuoza, hapo ndipo pa kupanda.

Na upandaji wenyewe usiwe wa jembe. Tafuta nafasi kati ya mizizi minene, chimba kishimo cha kutosha mche mmoja, tia mboji, panda mvua za masika zinapoanza. Mche mdogo hujipenyeza vizuri kuliko mkubwa, kwa kuwa hauhitaji shimo pana. Mwagilia maji mengi mara chache badala ya kidogo kila jioni. Kidogo kile mwembe hukimaliza peke yake.

Kwa mboga za majani, shauri langu ni gunia au ndoo kuukuu, zikiwekwa juu ya matofali pembezoni mwa kivuli, mahali jua la asubuhi linapofika. Matofali si urembo. Gunia likikaa chini moja kwa moja, mizizi ya mti huingia kwa kitako.

Ukitaka kujua nini kinakubali kivuli, tazama Usambara Mashariki, huko Amani na vijiji vya Muheza, ambako iliki na pilipili manga hukua chini ya miti mikubwa. Huko pia ndiko kwenye ua la zambarau linaloitwa Saintpaulia, ambalo mtawala wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka kwao mwaka 1892, na leo linakaa madirishani dunia nzima. Porini huota kwenye nyufa za miamba yenye kivuli, penye udongo kiduchu wa majani yaliyooza, mahali ambapo mti mkubwa hauna sana cha kugombania.

Lakini usiibebe Amani yote ukaileta pwani. Kule mvua hukaribia milimita 1,900 kwa mwaka. Tanga mjini hupata pungufu sana ya hapo. Iliki itakufia. Manjano huvumilia zaidi, na magimbi hustawi kama maji ya kuoshea vyombo yanapita hapo. Pilipili manga unaweza kuiacha iparamie mwembe wenyewe, ukikubali kuimwagilia wakati wa kiangazi. Penye ukavu kabisa, ile mimea ya majani marefu magumu yenye mistari, inayofanana na mkonge mdogo, haina makuu.

Chini ya mvinje, ambako vijiti vyake vinavyodondoka hufanya zulia nene lisilopitisha mbegu, usijisumbue. Weka benchi.