Kwa nini hatari ya kujiua huwa kubwa pale saikosisi inapoanza?

Saikosisi humfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii, au aamini bila shaka yoyote kwamba anafuatiliwa. Wengi huanza kuugua katika ujana au wakiwa na miaka ishirini na kitu. Hatari ya kujiua huwa kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza, na sababu yake huwashangaza wengi.

Ni kweli kwamba zipo sauti zinazomwamuru mgonjwa ajidhuru. Lakini hatari haiondoki sauti zinaponyamaza. Dawa ikishaanza kufanya kazi, kijana hutambua yaliyompata: masomo yamekatika, marafiki wamejitenga, na ugonjwa alioambiwa anao ni ule ambao watu huunong'ona. Hapo ndipo sonona humwingia. Nyumbani wanaona ametulia, wanashusha pumzi, kumbe ndani anazama. Ndiyo maana wiki za kwanza baada ya kutoka hospitali zinahitaji macho ya karibu sana, na kumpa mgonjwa karatasi ya dawa tu na kumwambia arudi baada ya miezi mitatu ni kumtelekeza.

Huduma maalumu ziliundwa kuziba pengo hilo. Mojawapo ya zile za mwanzo ilianzishwa Melbourne, Australia, mwaka 1992, chini ya daktari Patrick McGorry. Timu moja hukaa na mgonjwa kwa miaka kadhaa: humtibu, humsikiliza, humrudisha shuleni au kazini, na huwafundisha ndugu zake dalili za kuangalia. Hong Kong ilianza mpango wake mwaka 2001. Wagonjwa walipofuatiliwa kwa miaka 12, asilimia 4.4 ya waliopata huduma hiyo walikuwa wamejiua, dhidi ya asilimia 7.5 ya waliopata matibabu ya kawaida. Tofauti hiyo ilionekana hasa katika miaka mitatu ya kwanza.

Kwa ndugu na rafiki: muulize waziwazi, “Unafikiria kujiua?” Swali hilo halimpandikizii wazo, mara nyingi humpa nafasi ya kusema aliyokuwa ameyaficha. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, ondoa karibu naye chochote anachoweza kujidhuru nacho, na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama sauti zilishanyamaza.