Nimeambiwa nianze insulini, nami naogopa: maswali tunayoulizwa kliniki ya kisukari

Insulini ni nini?
Ni homoni ya kongosho inayoingiza sukari ya kwenye damu ndani ya seli. Katika kisukari cha aina ya pili kongosho huchoka mwaka hadi mwaka, ndiyo maana vidonge vilivyokutosha zamani leo havitoshi.

Si ndiyo wanatujaribia dawa mpya?
Ni mpya kwako tu, ndugu yangu. Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alichomwa insulini huko Toronto, Kanada, Januari 1922. Kabla ya hapo mtoto mwenye kisukari alikuwa akisubiri kufa.

Jirani yangu alianza sindano, muda si mrefu akakatwa mguu. Si insulini hiyo?
Hapana. Ni sukari. Tunaliona hili mara kwa mara: mtu anashauriwa aanze, anajibu "acha kwanza nijifikirie", anapotea. Akirudi ana kidonda kinachonuka ambacho hakukisikia, kwa kuwa miguu imeshakufa ganzi. Hapo ndipo anakubali sindano, mguu unakatwa, na mtaa mzima unailaumu sindano. Sindano waliiona, miaka ya sukari kuwa juu hawakuiona. Insulini haikati mguu. Haipofushi macho. Haiui figo. Sukari iliyoachwa juu ndiyo inayofanya yote hayo.

Basi nijaribu mizizi kwanza, miezi mitatu tu?
Hapana, mama. Hapana, mzee wangu. Miezi hiyo mitatu sukari haikusubiri, inaendelea kuharibu mishipa ya macho na figo. Tunaomba sana jambo hili likome.

Nikianza sitaacha tena?
Wengi huendelea, wengine hupunguziwa au kuachishwa na daktari. Lakini hata vidonge unameza kila siku, mbona hivyo huviogopi?

Haina hatari yoyote?
Inayo moja ya kujua vizuri: sukari kushuka chini ya 4 (mmol/L) kwenye kipimo cha damu. Utatoka jasho, utatetemeka, utasikia njaa ya ghafla. Kunywa maji ya sukari au soda papo hapo, kisha ule. Usichome halafu ukaacha kula.

Sina friji.
Muuguzi atakuelekeza kuitunza kwa mtungi wa udongo. Isikae juani, isigande.

Nina kidonda mguuni lakini hakiumi. Nisubiri tarehe ya kliniki?
Usisubiri. Kutouma ndiyo dalili mbaya. Njoo leo.