Maana za "get": tazama kwanza neno linalofuata

Ukifungua kamusi yoyote kubwa ya Kiingereza kwenye neno "get", utakuta maana zimejaa safu kwa safu. Kuzikariri ni kujitesa bure. Mimi hushauri jambo moja: tazama kinachofuata baada ya neno lenyewe, kwa sababu hapo ndipo maana inapoamuliwa.

Ikifuata nomino, kazi ni nyepesi. "Get a letter" ni kupokea barua, "get a job" ni kupata kazi, na "get the book" huweza kuwa kununua kitabu au kwenda kukileta; habari inayozunguka sentensi itakuonyesha ipi. Kosa huanza pale mtu anapoing'ang'ania hiyo "kupata" hata mbele ya kivumishi. "I got tired" ni "nilichoka", basi. Hapa "get" inaonyesha hali inabadilika: "get old" ni kuzeeka, "get wet" ni kulowa, "it's getting dark" ni giza linaingia. Kiswahili mara nyingi kina kitenzi kimoja kinachobeba yote hayo, kwa hiyo kitafute kabla hujakimbilia "kuwa".

Pakitajwa mahali, maana ni kufika: "get to London". Lakini "home", "here" na "there" hazitaki "to", kwani zenyewe zimeshabeba mwelekeo. Haisemwi "get to home", husemwa "get home".

Kwenye vyombo vya usafiri sisi tunapanda na kushuka tu, Kiingereza kinagawa. Gari dogo ni "get in" na "get out of". Basi, treni, ndege na meli ni "get on" na "get off", maana humo mtu anaweza kusimama na kutembea. Baiskeli na farasi pia huchukua "on", kwa kuwa unakaa juu yake.

Sehemu inayowaangusha hata wazoefu ni hii. "Get her to sign" ni kumshawishi atie sahihi, au kufanikiwa kumfanya atie. Hiyo "to" ni ya lazima, tofauti na "make her sign", ambayo ina sura ya kulazimisha na haina "to" kabisa. "Get it signed" ni kuhakikisha kitu kimetiwa sahihi, bila kujali ni nani ametia. Na "get paid" ni kulipwa: "get" imeingia mahali pa "be" kutengeneza kauli ya kutendwa, hasa katika mazungumzo.

Sasa linganisha hizi mbili kwa makini. "I got to see her" ni "nilipata nafasi ya kumwona". "I've got to see her" ni "lazima nimwone". Ya kwanza inaeleza fursa iliyokwishapita, ya pili wajibu unaosubiri, na kinachozitenganisha ni "ve" peke yake. Katika usemi wa haraka hiyo "ve" humezwa, zote zikasikika karibu sawa. Anayetafsiri mazungumzo yaliyorekodiwa asiamue kwa sikio tu. Arudi kwenye sentensi za jirani aone kama tendo limeshafanyika.

Ipo pia "gotten". Marekani wanaitumia kwa kitu kilichopatikana au hali iliyobadilika: "I've gotten a car" ni "nimepata gari", "it's gotten cold" ni "kumekuwa baridi". Kwa kumiliki, Mmarekani naye husema "I've got a car", yaani "nina gari". Huo ni mpaka mzuri sana, kwa sababu maana inajieleza katika umbo lenyewe. Kiingereza cha Uingereza cha leo hutumia "got" kwa zote mbili, kwa hiyo ukikutana na "I've got a car" katika maandishi ya huko, anza na "nina gari", kisha uone kama habari inayofuata inaikubali.