Semillon ndani ya mvinyo mweupe wa Bordeaux

Mgeni akiagiza mvinyo mweupe wa Bordeaux, eneo la kusini-magharibi mwa Ufaransa, mara nyingi huniuliza, "Hii ni Sauvignon Blanc, siyo?" Ndiyo, imo. Lakini katika chupa nyingi za huko mna zabibu nyingine, Semillon, ambayo wachache huitaja, na kwangu mimi ndiyo inayoamua kama mvinyo utaelewana na chakula.

Sauvignon huleta ukali wa limau, harufu ya balungi na pasheni, na ikivunwa mapema mno hunuka pilipili hoho mbichi. Sehemu ya harufu hizo hulala ndani ya zabibu bila kunukia kabisa, hadi hamira inapoanza kazi na kuzifungua. Profesa Denis Dubourdieu wa Chuo Kikuu cha Bordeaux, aliyefariki mwaka 2016, alitumia miaka mingi kulichunguza jambo hilo pamoja na wenzake, na wakulima wengi wa huko walibadilisha namna ya kutengeneza mvinyo mweupe kwa sababu yake.

Semillon ikiwa changa haina makeke. Ukali wake ni mdogo, harufu yake ya chini. Nguvu yake utaikuta ulimini: ni nzito, laini, ina kitu kama nta. Ikikaa chupani miaka kadhaa hutoa asali na mkate uliobanikwa. Sauvignon peke yake hupita mdomoni kama maji ya ndimu, na Semillon peke yake inaweza kupooza. Zikichanganywa, moja inaamsha, nyingine inajaza. Muscadelle, zabibu ya tatu, nayo hutiwa kidogo tu, kwa ajili ya harufu ya maua.

Eneo la Entre-Deux-Mers, kati ya mito ya Garonne na Dordogne, hutoa mvinyo mwepesi wa kunywewa ungali mchanga. Huo ndio wa chaza. Ghuba ya Arcachon haiko mbali, na watu wa huko hula chaza wabichi pamoja na soseji ndogo za moto, mkate na siagi. Unameza chaza wa baridi mwenye chumvi ya bahari, unang'ata soseji, kisha mvinyo unasafisha mafuta. Limau silikamulii tena juu ya chaza. Limo ndani ya glasi.

Pessac-Léognan ni habari nyingine. Eneo hili lilitengwa kutoka eneo la mvinyo la Graves mwaka 1987, na jina Graves lenyewe latokana na kokoto za udongo wake. Hapa mvinyo mara nyingi huchachukia katika mapipa ya mwaloni ya lita 225, kisha hukaa juu ya mashapo ya hamira, yakikorogwa mara kwa mara ili yaunenepeshe. Huu unataka chakula chenye uzito: kamba mkubwa aliyepikwa kwa siagi, kuku wa kuoka, samaki mwenye sosi ya krimu. Jibini ya mbuzi mimi huipeleka kwa ule mwepesi wenye Sauvignon nyingi.

Na samaki wa kupaka? Naulizwa sana, na jibu langu ni ndiyo, mradi pilipili isizidi. Tui zito linahitaji mvinyo wenye unene wa kulikabili, na Semillon inao. Ukali wa Sauvignon unapokea ndimu iliyomo kwenye sosi. Pilipili ikiwa nyingi kilevi huuchochea moto mdomoni, na ukwaju mwingi hugombana na ladha ya mwaloni. Hapo chagua Entre-Deux-Mers.

Jambo la mwisho ni ubaridi, nililojifunza kwa aibu. Usiku mmoja nilimmiminia mama mmoja Pessac-Léognan niliyoitoa moja kwa moja kwenye ndoo ya barafu. Akaonja, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mbona hauna ladha?" Alikuwa sahihi. Ubaridi mkali huifunga Semillon, kinabaki kile kichachu tu. Nikamwomba asubiri kidogo. Aliporudi kwenye glasi ile, asali ilikuwa imetokeza. Mvinyo mwepesi naupeleka mezani kwenye nyuzi 8 hadi 10. Ule wa pipa naupa 11 au 12, na chupa yake naitoa kwenye friji robo saa kabla sahani haijatoka jikoni.