Ukomo wa 2 TB: kwa nini kompyuta haioni diski yote

Unanunua diski ya 4 TB, unaichomeka, kompyuta inakuonyesha 2 TB. Kwa wapiga video za harusi hapa Mwanza hili ni jambo la kawaida, kwa sababu kamera za siku hizi zinakula nafasi, na mteja mmoja ana sendofu, ana harusi, na kila tukio linarekodiwa kwa kamera mbili au tatu. Watu hukimbilia kusema wametapeliwa. Wengine hufomati diski mara mbili, mara tatu, wakitumaini safari hii itatokea nzima. Haitatokea. Mara nyingi diski haina ubovu wowote na nafasi yote imo ndani, ila imegawanywa kwa mtindo wa zamani uitwao MBR, na mtindo huo una kikomo.

Diski imegawanywa katika vipande vidogo vidogo vinavyoitwa sekta, na MBR hukaa kwenye sekta ya kwanza kabisa. Humo mna jedwali dogo linaloiambia kompyuta kila patisheni, yaani kila sehemu iliyotengwa kwenye diski, inaanzia sekta ya ngapi na ina sekta ngapi. Mtindo huu ulikuja na PC DOS 2.0 mwaka 1983, wakati IBM ilipotoa kompyuta yenye diski ya 10 MB. Namba ya sekta ilitengewa biti 32, yaani tarakimu 32 za sifuri au moja, na kwa diski za wakati ule hiyo ilikuwa nafasi ya kumwaga. Biti 32 zinatosha kuhesabu sekta 4,294,967,296. Sekta moja ina baiti 512. Ukizidisha unapata baiti 2,199,023,255,552, ambazo Windows huzisoma 2 TB, na hapo ndipo hesabu inapogota. Ni sawa na afisa ardhi aliyepewa fomu yenye visanduku vitatu tu vya namba ya kiwanja: akishafika 999, ardhi bado ipo mbele yake, lakini hana namba ya kuiandikia.

Mtindo uliokuja kuchukua nafasi yake unaitwa GPT. Huo hutumia namba za biti 64, kiasi kwamba hakuna diski unayoweza kuinunua leo itakayoufikisha mwisho. Tena GPT huweka nakala ya jedwali lake mwishoni mwa diski, kwa hiyo la mwanzo likiharibika kuna pa kuanzia. MBR haina nakala hiyo.

Kabla ya kugusa chochote, soma namba inayoonekana kwenye skrini. Namba yenyewe inakwambia tatizo liko wapi.

Diski ya 1 TB ikionyesha 931 GB, hakuna tatizo. Kiwanda huhesabu kwa elfu elfu, yaani 1 TB ni baiti 1,000,000,000,000. Windows hugawa kwa 1,024 kila hatua, ndiyo maana jibu linatoka dogo. Kwa hesabu hiyohiyo, diski ya 500 GB husomeka 465, na ya 2 TB husomeka 1.81 TB. Hakuna fundi anayeweza kukurudishia GB hizo kwa sababu hazikupotea, na anayekudai hela kwa kazi hiyo usimpe.

Ile ya 4 TB sasa. Kwenye Windows fungua Disk Management. Unaweza kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, ukaandika diskmgmt.msc. Tafuta mstari wa diski yako chini ya dirisha. Kama ni MBR utaona visanduku viwili: kimoja kina mstari wa bluu juu na kimeandikwa 2048.00 GB, cha pili kina mstari mweusi, kimeandikwa 1678.02 GB na neno Unallocated. Hicho cheusi ndicho nafasi yako inayokosekana. Ukijaribu kutengeneza patisheni mpya juu yake, amri imefifia, haibonyezeki.

Tiba ni kuibadili diski kwenda GPT, lakini Disk Management haitakubali mpaka patisheni zote zifutwe, na zikifutwa kazi zote zimeondoka. Hapa naomba tusifanye haraka. Nakili video zote kwenye diski nyingine, fungua faili chache uhakikishe zinacheza, ndipo ufute na kubadili. Harusi ya mtu hairudiwi.

Kisanduku cheusi kikitokea kwenye diski ndogo kuliko 2 TB, sababu ni nyingine na ni nyepesi: labda mtu alihamisha Windows kutoka diski ya 500 GB kwenda ya 1 TB, na nakala ikaja na ukubwa wake wa zamani. Unapanua patisheni tu.

Ipo namba nyingine inayowatia watu hofu: diski ya 3 TB inasomeka 746 GB. Hiyo husababishwa na kifaa cha katikati, mara nyingi kava la USB la zamani (kasha linaloishika diski na kuiunganisha na kompyuta) ambalo nalo linahesabu kwa biti 32. Likifika mwisho linaanza tena sifuri, kinachobaki baada ya kutoa ile 2 TB ya kwanza ni 746 GB. Badilisha kava, au funga diski moja kwa moja kwenye kompyuta, halafu tazama tena. Usiandike kitu juu yake ikiwa katika hali hiyo.

Kuna na kinyume chake. Baadhi ya makava ya kiwandani huiambia kompyuta kwamba sekta ni ya baiti 4,096, ili MBR iweze kufika mbali zaidi. Diski hiyo ukiitoa kwenye kava lake na kuifunga ndani ya kompyuta, inaonekana tupu, na Windows inakuomba uifomati. Kataa. Irudishe kwenye kava lake na faili zitaonekana. Ndiyo maana anayemletea fundi diski kwa meli kutoka Nansio aje nayo pamoja na kava na waya wake, hata kama anaona kava ndilo bovu.

Kwa kompyuta za zamani zinazowaka kwa BIOS (programu ya kuiwasha kompyuta) na hazina UEFI, ile mpya iliyochukua nafasi yake, Windows haiwezi kuwaka kutoka diski ya GPT. Hiyo haizuii kuitumia diski kubwa kuhifadhi kazi. Weka Windows kwenye diski ndogo, kubwa iwe ghala.

Cha kuogopa kweli ni diski inayoonyesha nafasi nyingi kuliko iliyonayo. Zinauzwa kwa bei ya chini isiyoeleweka, zimeandikwa 16 TB, na kompyuta inakubali kuwa ni 16 TB kwa sababu programu ya ndani ya diski imechezewa iseme hivyo. Ndani kuna kumbukumbu ndogo tu. Faili zinaingia bila kulalamika, majina yanaonekana, ila ukija kuzifungua hazifunguki. Ijaribu ikiwa bado tupu, kabla hujaikabidhi kazi ya mtu: programu ya bure ya H2testw huiandika diski hadi ijae, kisha husoma kila ilichoandika na kukwambia kiasi kilichopo kweli. Kwa diski kubwa kazi hiyo huchukua saa nyingi, kwa hiyo ianzishe jioni, na kwanza kubaliana na muuzaji kwamba ataipokea ikirudi.