Albamu nilizozipenda mwaka 2024, na jinsi zilivyotumia muda wangu

Ninapochagua albamu za mwaka huwa sianzi na wimbo uliovuma, kwa sababu wimbo mmoja mzuri hauifanyi albamu kuwa nzuri, kama ambavyo wimbo mmoja dhaifu hauiharibu yote. Ninachokipima ni namna albamu inavyoutumia muda wa msikilizaji kuanzia sekunde ya kwanza hadi ya mwisho. Kipimo hicho kimepata uzito zaidi siku hizi, maana katika majukwaa ya kusikilizia muziki kama Spotify, wimbo huhesabiwa kuwa umesikilizwa ukishapita sekunde 30, na matokeo yake watunzi wengi hukimbilia kiitikio kabla msikilizaji hajabonyeza wimbo mwingine. Albamu nilizozirudia zaidi mwaka 2024 zilikataa mbio hizo, kila moja kwa njia yake.

Iliyokataa waziwazi kuliko zote ni Songs of a Lost World ya The Cure, bendi ya roki ya Uingereza, iliyotoka tarehe 1 Novemba, miaka 16 baada ya albamu yao iliyotangulia. Ina nyimbo nane tu. Katika wimbo wa kwanza, Alone, ala hupigwa kwa zaidi ya dakika tatu kabla mwimbaji Robert Smith hajafungua kinywa: ngoma nzito zisizobadilika, kinanda kilichotanda kama ukungu, na besi inayovuma kwa sauti iliyokwaruzwa makusudi. Ukipima kwa zile sekunde 30, wimbo huu ungehesabiwa umesikilizwa ilhali mwimbaji wake bado hajasikika. Sidhani kwamba utangulizi huo ni mapambo. Albamu nzima inazungumzia kufiwa na kuzeeka, ikiwemo huzuni ya Smith kwa kifo cha kaka yake, na sauti inapoingia baada ya kusubiri kwa muda mrefu namna hiyo, neno la kwanza huwa limeshabeba uzito ambao beti pekee zisingeweza kuuleta. Wimbo wa mwisho, Endsong, unapita dakika kumi na unatumia mbinu hiyohiyo, na hapo ndipo mpangilio wa albamu unapoeleweka.

Hata hivyo, albamu iliyonishughulisha zaidi ni Lives Outgrown ya Beth Gibbons, mwimbaji wa bendi ya Uingereza ya Portishead. Ilitoka mwezi Mei baada ya kutengenezwa kwa takriban miaka kumi, na ndiyo albamu yake ya kwanza ya studio kwa jina lake peke yake. Gibbons alitaka kuachana na mapigo ya ngoma yaliyoitambulisha bendi yake tangu albamu ya Dummy ya mwaka 1994, hususan ule mlio mkali wa ngoma ya snea unaogonga na kukata. Kwa hiyo yeye na Lee Harris, aliyekuwa mpigaji ngoma wa bendi ya Talk Talk, walikusanya vitu vya nyumbani na kuvifanya ngoma: vyombo vya plastiki vya kuhifadhia chakula, sufuria pana ya kupikia wali, chupa ya maji ya ngozi ya ng’ombe, na sanduku lililojazwa mapazia ili litoe mdundo wa chini. Sikiliza kwa visikizio na utaitambua tofauti mara moja. Ngoma ya kawaida huwa na ncha ya sauti inayotangulia mbele ya kila kitu, na fundi mitambo hulazimika kumtafutia mwimbaji nafasi nyuma yake au juu yake. Sanduku lenye mapazia halina ncha hiyo. Linasukuma hewa kidogo na kunyamaza, na sauti ya Gibbons, ambayo ni nyembamba na yenye mtetemo, inabaki mbele bila kupandishwa. Mashairi yake ni ya mwanamke aliyevuka umri wa kuzaa na aliyezika watu wake, na hakuna mahali anapojaribu kusikika kijana.

Mwanajazi Shabaka Hutchings naye aliiweka kando saksafoni iliyompa jina, akashika filimbi, ikiwemo shakuhachi ya mianzi ya Kijapani. Albamu yake ya mwezi Aprili, Perceive Its Beauty, Acknowledge Its Grace, ilirekodiwa katika studio ya Van Gelder huko New Jersey, chumba kilekile ambamo mpiga saksafoni John Coltrane alirekodi albamu ya jazi ya A Love Supreme mwaka 1964. Wanamuziki walipiga wakiwa pamoja, bila visikizio na bila vizuizi kati yao. Maana yake ni kwamba sauti ya kinubi huingia kwenye maikrofoni ya filimbi, na kosa la mmoja haliwezi kufutwa bila kugusa kazi ya mwenzake. Hivyo kila mpigaji hulazimika kupunguza nguvu ili amsikie aliye dhaifu kuliko wote, yaani filimbi. Utulivu wa albamu hii umetokana na sharti hilo la chumba kama ulivyotokana na utunzi wenyewe.

Nitakuwa mfupi kuhusu Endlessness ya Nala Sinephro, si kwa kuwa ni ndogo, bali kwa kuwa haigawanyiki. Vipande vyake kumi vyote vinaitwa Continuum, vikitofautishwa kwa namba, na vinaunganishwa na noti za kodi (yaani sauti kadhaa zinazopatana) zinazopigwa moja baada ya nyingine kwa mzunguko usiokoma. Usiisikilize kwa kuchanganya mpangilio.

Cowboy Carter ya Beyoncé ilitwaa tuzo ya Grammy ya albamu ya mwaka, na sina ugomvi na waliompa, lakini vipande 27 katika dakika zinazokaribia 80 ni vingi mno. Ningepewa mkasi ningebakisha nusu, na nusu hiyo ingekuwa kwenye orodha yangu.

Mdou Moctar wa Niger anaweza kuonekana mgeni katika kundi hili, maana Funeral for Justice ni ya kasi tangu gitaa la kwanza. Anatumia mkono wa kushoto na kupiga nyuzi kwa vidole, bila kijipande cha plastiki cha kuchapia nyuzi, ndiyo maana noti zake zinatiririka bila mikwaruzo ya kuanzia. Lakini kasi si pupa. Katika wimbo uliobeba jina la albamu anawahoji viongozi wa Afrika kwa Kitamasheki, lugha ya Watuareg, na gitaa hupewa nafasi ya kujibu baada ya kila shutuma. Bendi ilikuwa ziarani Marekani mapinduzi ya Julai 2023 yalipotokea nyumbani kwao na ikashindwa kurudi. Wakiwa huko walizirekodi upya nyimbo hizohizo kwa magitaa makavu, yasiyotumia umeme, na toleo hilo, Tears of Injustice, likatoka Februari 2025. Kwa kalenda halimo katika mwaka 2024, ila ningeshauri yasikilizwe yote mawili siku moja, la umeme likitangulia.